Kukusanya gemu za zamani za kompyuta: jinsi ya kuanza bila kupigwa

Kwanza tuelewane, hapa siongelei Nintendo wala Sega, hizo zina watu wake na vurugu zake. Naongelea gemu za kompyuta, zile zilizotoka mwishoni mwa miaka ya 70 mpaka kama 2000 hivi, za Apple II, TRS-80, Commodore 64, ZX Spectrum, Amiga, baadaye PC za DOS na Windows, zilizokuja kwenye flopi (zile diski bapa za sumaku za kuhifadhia data) au kwenye kaseti ya kawaida ya redio halafu zikawekwa kwenye boksi lenye mapicha na makaratasi kibao.

Na kitu cha kuingia kichwani kabla hujatoa hata senti ni kwamba hununui gemu. Gemu yenyewe ipo bure, Zork unaicheza kwenye brauza sasa hivi hata kwa simu. Unachonunua ni karatasi: boksi, kitabu, ramani, kadi ya usajili ambayo mwenyewe hakuijaza, kile kikaratasi kidogo cha matangazo ambacho kila mtu alikitupa. Ndo maana gemu ile ile ya mwaka ule ule kopi moja inauzwa hela ya chai na nyingine inauzwa hela ya pikipiki, na ukiziwasha zote mbili zinacheza sawasawa.

Hatua ya 1: chagua kona moja

Usinunue kila unachokiona. Chagua kampuni moja, au mashine moja, au miaka fulani, ukae hapo mpaka ufike mahali ukionyeshwa picha ya ubavu wa boksi tu unajua ni toleo gani.

Miaka yenyewe iko hivi. Kati ya 1979 na 1982 gemu nyingi za Marekani zilikuwa kazi ya watu wawili watatu nyumbani, zinauzwa kwenye kimfuko cha plastiki cha zipu, ndani flopi moja na karatasi za fotokopi. Mystery House ya Ken na Roberta Williams (1980, Apple II, dola 24.95) ilitoka hivyo. Akalabeth ya Richard Garriott pia, huyu alikuwa kijana wa Texas anafanya kazi duka la ComputerLand kiangazi cha 1979, bosi wake akaiona gemu akamwambia hii iuze, mama yake akachora jalada, wakapaki kwenye vimfuko. Mwaka 1980 kampuni ya California Pacific ikaichukua ikaisambaza kwa wingi, kwa hiyo zile za mwanzo za dukani pale ni chache mno na ndo watu wanazitafuta kwa maelfu ya dola. Kona hii ni ya wenye hela, na ni kona ya wezi vilevile, ntarudi huko.

Kuanzia 1982 mpaka mwisho wa miaka ya 80 ndo zama za kampuni kama Infocom, Sierra, Origin, maboksi yamenona na ndani kuna vikorokoro. Miaka ya 90 ni maboksi makubwa ya PC, yale ya kadibodi ambayo nusu yake ni hewa, mpaka kama 2000 na 2001 maduka yakataka visanduku vidogo na mambo yakaishia hapo. Uingereza wana ya kwao: ZX Spectrum ilitoka 1982 na gemu zake nyingi ziko kwenye kaseti, na kuna kampuni kama Mastertronic zilizokuwa zinauza kaseti kwa pauni 1.99 tu, kwa hiyo zimejaa mpaka leo.

Ushauri wangu kama ndo unaanza: kaseti za Spectrum au maboksi ya PC ya miaka ya 90. Utajifunza kuangalia vitu kwa hela ndogo. Mtu anayeanza na Akalabeth ni sawa na anayejifunza kuendesha gari kwa kukodi lori la mafuta.

Hatua ya 2: jua vinapatikana wapi

Huku kwetu usihangaike sana. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, sasa jiulize hizo flopi za 1982 zingeingiaje na nani angezicheza. Gemu zilipokuja kushika kweli, miaka ya 90 kwenda 2000, wengi wetu tulizipata kwenye CD za kuchomwa zenye jina limeandikwa kwa kalamu. Kumbukumbu nzuri lakini kwa mkusanyaji hazina bei. Unaweza kubahatika kwenye kompyuta za msaada zilizopelekwa mashuleni na maofisini, wakati mwingine zilikuja na boksi la programu pembeni, ila usiweke bajeti kwenye bahati.

Kwa hiyo mzigo uko Uingereza, Marekani, Ujerumani, Kanada, na wewe mwenye shangazi Leicester au kaka Minneapolis uko mbele ya wenzako. Mwombe apite maduka ya hisani na ile minada ya Jumapili ambapo watu wanauza vitu kwenye buti la gari. Mtumie picha za unachotaka, usimwambie tu "gemu za zamani" maana atakuletea FIFA. Kwingine ni eBay na makundi ya wakusanyaji, na makundi ni bora, watu wanajuana na mwizi anatajwa mapema.

Hatua ya 3: jua ndani ya boksi kulikuwa na nini

Hapa usiwe mvivu kabisa, maana hela zinapotelea hapa. Kopi kamili na kopi pungufu bei zake hazikaribiani, na muuzaji mara nyingi hajui au anajifanya hajui.

Chukua Infocom. Mwaka 1982 walitoa Deadline, gemu ya upelelezi wa mauaji, na maelezo yote hayakutosha kwenye flopi, wakaamua yanayobaki wayachapishe. Ukifungua unakuta jalada la polisi, mahojiano ya washukiwa, ripoti ya maabara, picha ya eneo la tukio na kipakiti cha vidonge vitatu vyeupe. Watu wakapenda, ikawa desturi yao. Starcross ikatoka kwenye kisahani cha plastiki cha kuruka angani, Suspended ikatoka na barakoa ya sura ya mtu juu ya boksi. Maumbo hayo maduka yaliyaona kero kwa kuwa hayakai rafuni, kuanzia 1984 Infocom wakazirudia zote kwenye maboksi ya kijivu yanayofanana. Sasa mtu anakuandikia "Starcross orijino", na hadanganyi, ya kijivu nayo ni orijino, ila sio ile ya kisahani na bei yake iko chini sana. Uliza umbo la boksi kabla ya kuuliza bei.

Mfano ninaoupenda ni The Hitchhiker's Guide to the Galaxy ya 1984. Ndani ya boksi kuna miwani ya kadibodi nyeusi tii, beji, kipande cha pamba cha mfukoni, na kimfuko cha plastiki kitupu. Kitupu kweli. Kinaitwa kikosi cha vyombo vya angani vidogo visivyoonekana kwa macho, ni utani wa kwenye hadithi yenyewe. Unaweza kufikiria ni vimfuko vingapi vimeishia kwenye pipa la taka, na leo ukikosa hicho kimfuko cha hewa kopi yako sio kamili na mnunuzi atakupunguzia bei bila aibu.

Ultima nazo, ule mfululizo wa gemu wa Garriott yule yule, zina mambo yake: ramani za kitambaa kuanzia ya II, na ya IV (1985) ina kile kialama cha chuma cha ankh, msalaba wenye kitanzi juu. Elite ya Acornsoft, 1984, ina kitabu cha hadithi ndani, na toleo la Spectrum la mwaka uliofuata linakuja na kilenzi cha plastiki cha kusomea herufi kwenye skrini ili gemu ikubali kufunguka, na baadhi ya maboksi yalitoka kiwandani na lenzi isiyo yake! Monkey Island ya 1990 ina gurudumu la kadibodi la kuzungusha sura za maharamia, bila hilo orijino haikupitishi mlangoni. Vitu kama gurudumu na lenzi ndo vinapotea kwanza kwa sababu vilikuwa vinatolewa nje ya boksi kila siku.

Kujua orodha kamili ya kila toleo, ingia tovuti za MobyGames na Internet Archive, kuna skani za maboksi, vitabu na makaratasi. Tengeneza orodha yako mwenyewe ya kila gemu unayoitafuta, iweke kwenye simu, na ukimwandikia muuzaji mtumie orodha hiyo atiki kimoja kimoja. Anayekasirika kwa kuulizwa maswali mwache na mzigo wake.

Jihadhari pia na matoleo ya pili ya bei poa. Kwa Uingereza ukiona lebo za Kixx au The Hit Squad ujue hilo ni rudio, ni zuri kwa kucheza tu. Na Doom, aisee. Doom ya 1993 ilisambazwa sehemu ya kwanza bure, mtu yeyote aliruhusiwa kuikopi, kwa hiyo flopi na CD za hiyo sehemu ya bure ziko kila kona na kila wiki kuna mtu anaziuza kama dhahabu. Iliyo adimu ni Doom kamili iliyoagizwa kwa posta kutoka id Software wenyewe.

Hatua ya 4: bei

Usiangalie bei watu wanazoomba, angalia bei vitu vilivyouzwa. eBay ina kichujio cha vilivyouzwa tayari, kitumie. Muuzaji kuandika dola 900 hakuna kinachomzuia, ameweka hapo miaka miwili na hakuna aliyegusa. Angalia mauzo kadhaa ya toleo lile lile lenye hali ile ile, tupa la juu kabisa na la chini kabisa.

Na usichanganyikiwe na habari za minada. Julai 2021 Super Mario 64 iliyofungwa iliuzwa dola milioni 1.56 kule Heritage Auctions, tangu siku hiyo kila mwenye boksi la zamani stoo anajiona tajiri. Hiyo ni soko jingine, la Nintendo, na la watu wanaonunua kama hisa.

Hatua ya 5: kukagua feki

Nimesema karatasi ndo mali. Basi na karatasi ndo rahisi kufoji, hapo ndo balaa lilipo. Kimfuko cha plastiki kinauzwa duka lolote, na karatasi ya fotokopi ya 1980 mtu mwenye printa nzuri na subira anaitoa. Mwaka 2022 wakusanyaji wakubwa duniani walistuka kugundua kwamba gemu za bei mbaya za mwanzoni mwa miaka ya 80 zilizokuwa zinauzwa na mtu wanayemwamini zilikuwa za kughushi, mauzo yakakadiriwa kuzidi yuro 100,000. Ilichukua miaka kugundulika kwa sababu moja tu, wengi wakipokea mzigo wanauweka kabatini hawaugusi tena. Walipoanza kulinganisha kopi zao ndo moshi ukaonekana.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, ile wanayotumia masonara, bei yake ndogo. Angalia picha ya jalada: uchapaji wa kiwandani wa zamani unaonyesha vinukta vilivyojipanga kwa mpangilio, na maandishi meusi yana kingo safi. Printa ya wino inatoa mnyunyizo usio na mpangilio na maandishi yanatoka na vitone vya rangi pembeni. Angalia mikato ya lebo ya flopi, mashine inakata sawasawa, mkasi hausemi uongo. Angalia pini za kitabu, pini ya miaka 40 kwa kawaida imeanza kutu au imeacha alama kwenye karatasi. Tochi ya UV inasaidia kidogo, karatasi nyingi za siku hizi zinang'aa bluu, lakini karatasi ziling'aa hata zamani, usihukumu kwa hicho peke yake. Omba picha ya flopi karibu kabisa, pande zote, na kama bei ni kubwa omba ushahidi kwamba flopi ina data.

Kuhusu zilizofungwa na nailoni ya kiwandani, mimi msimamo wangu najulikana nao: sinunui. Marekani maduka mengi yalikuwa na mashine zao za kufungia nailoni, mteja akirudisha gemu wanaifunga upya na kuiweka rafuni. Hiyo ni miaka ile ile, bado hatujafika kwa waliochakachua mwaka jana. Ndani kunaweza kukosa kitabu, kunaweza kuwa na kuvu, na huwezi kujua bila kuharibu kile ulicholipia. Ni mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe ndo lenye bei.

Ukikutana na kitu adimu kupita kiasi kwa bei ya huruma, simama kwanza. Ultima: Escape from Mt. Drash, ya kompyuta ya Commodore VIC-20, 1983, kwa miaka mingi watu walidhani haikuwahi hata kutoka. Zimepatikana kweli, ila haziokotwi na mtu anayehitaji hela leo jioni.

Hatua ya 6: kulipa na kusafirisha

Lipa kwa njia yenye ulinzi wa mnunuzi, PayPal au kadi. Kadi ya mtandaoni ya kwenye M-Pesa inafanya kazi sehemu nyingi. Usikubali kutuma hela kwa njia ya "rafiki na familia" kwa mtu usiyemjua eti mkwepe makato, ukipigwa hapo hakuna wa kumlilia.

Mwambie muuzaji afunge hivi: boksi la gemu lizungushiwe karatasi safi kwanza, ndo yaje mapovu ya plastiki juu yake, maana mapovu yakigusa jalada linalong'aa kwa wiki kadhaa kwenye joto yanaacha alama za duara. Halafu ndani ya katoni ngumu, halafu katoni nyingine. Anaona ni usumbufu? Mwongezee hela kidogo. Forodha tangaza ukweli, na hesabu ushuru kwenye bei kabla hujatoa dau, sio baada.

Kama ndugu anakuja, abebe kwenye begi la mkononi. Eksirei ya uwanja wa ndege haifuti flopi, watu wanaogopa bure. Kinachofuta ni sumaku, kwa hiyo asiweke pamoja na spika.

Hatua ya 7: flopi ikifika

Usiichomeke. Najua mkono unawasha lakini subiri. Kwenye flopi ya inchi 5.25 angalia kile kidirisha, zungusha diski taratibu kwa kidole katikati, ukiona madoa kama vumbi jeupe au mabaka hiyo ni kuvu, ukiichomeka inachafua kichwa cha draivu na kichwa kinaharibu flopi zingine zote zinazofuata. Inasafishwa kwa pamba isiyoacha nyuzi na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, taratibu, ikauke kabisa. Kama hujawahi, fanyia mazoezi flopi isiyo na thamani.

Kabla ya kusoma zuia kuandika: ya 5.25 ziba kile kipengo cha pembeni kwa stika, ya 3.5 sukuma kile kitufe mpaka tundu liwe wazi. Draivu za USB za bei rahisi zinasoma 3.5 za PC tu, flopi za Amiga na Apple II haziwezi. Kwa hizo kuna Greaseweazle na KryoFlux, vinaunganishwa na draivu ya zamani na kunakili mawimbi yenyewe ya sumaku, hata yale manjonjo ya kuzuia kukopi yanaingia. Apple II wana chao kinaitwa Applesauce. Nakala moja ukishaipata flopi irudi kwenye boksi ipumzike, Sony waliacha kutengeneza 3.5 mwaka 2011 na hizo tulizonazo zinazidi kuzeeka. Kaseti ni rahisi zaidi, icheze uirekodi kwenye kompyuta kama sauti ya kawaida.

Hatua ya 8: kutunza kwenye joto letu

Wazungu wanaandika weka kwenye nyuzi 20 na unyevu asilimia 35 mpaka 50, sawa, waje waishi Tanga mwezi wa nne. Pwani unyevu ni mkubwa karibu mwaka mzima na kuvu ndo adui namba moja, kwa hiyo usiache maboksi wazi rafuni kama mapambo. Nunua makontena ya plastiki yenye mfuniko wa mpira, weka vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, vingi sio kimoja, na kipima unyevu kidogo ndani ili usikisie. Silika ikishiba unaikausha kwa moto mdogo inarudi kazini. Kabla ya kufunga kontena hakikisha boksi lenyewe ni kavu, vinginevyo umefungia unyevu ndani.

Mchwa hawajui tofauti ya Ultima na mlango. Kontena likae juu ya rafu ya chuma, mbali na ukuta, usiweke chini sakafuni hata siku moja. Mende nao wanapenda gundi ya mgongo wa kitabu.

Maboksi yasimame wima, yasibanane, ukiyalaza moja juu ya jingine ya chini yanabonyea. Jua la dirishani linakula rangi nyekundu kwanza, ndo maana unaona maboksi mengi yamebaki bluu bluu upande mmoja. Raba bendi toa zote, kwenye joto zinayeyuka na kuganda kwenye karatasi. Selotepu usiguse, hata kama kona imechanika iache ilivyo. Stika ya bei ya duka la zamani mimi naiacha, ukilazimisha kuibandua unaondoka na jalada, ila kuna wanaoitoa kwa kikausha nywele cha moto mdogo.

Hatua ya 9: kumbukumbu na kuuza

Piga picha kila kitu pande zote, andika ulinunua lini, kwa nani, shilingi ngapi na kilichokosekana ni nini. Kopi pungufu usizidharau, boksi moja zuri na kitabu kutoka kopi nyingine vinatengeneza kopi kamili, ila siku ukiuza sema wazi kwamba umeunganisha kutoka sehemu mbili, na kama umechapisha ramani mpya ya kujazia andika nyuma yake kwa kalamu kwamba ni nakala.